Kupiga picha flai na kupata rangi yake halisi

"Kaka, manyoya ni pinki kabisa hapa mezani, kwenye simu yanatoka rangi ya chungwa. Nifanyeje?"

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Anauliza kijana wa Mikindani, kesho yake dada wa Shangani, keshokutwa mtu wa Lindi mjini aliyepewa namba yangu na mwenzake. Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hii.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: flai ni ndoana iliyofungwa manyoya ya jogoo, nywele za mbuzi na nyuzi za kung'aa hadi ikafanana na dagaa au kamba mdogo. Wageni wanaovua kwa mchezo huzirusha kwa fimbo nyepesi wakimtafuta kolekole. Jamaa yake wa karibu ni kile kishada cha nyuzi ambacho mrambazaji wa nguru huburuta nyuma ya mashua. Mwongozo huu unafaa kwa vyote viwili.

Nilijifunza kwa hasara. Mwanzoni nilifunga flai kumi na mbili za pinki, nikazipiga picha usiku sebuleni chini ya balbu ya njano, nikamtumia mteja. Kwenye picha zilitoka kama embe dodo lililoiva. Akajibu, "Nzuri sana, nitumie zote hizo za chungwa." Mimi nikadhani kakosea kuandika, nikampakilia pinki zangu kwenye basi. Zilirudi zote kumi na mbili, na nauli ya mzigo nikalipa kwenda na kurudi. Mteja hakuwa na kosa. Aliagiza alichokiona.

Vitu vya kuandaa

Simu yoyote ambayo kamera yake ina sehemu ya Pro, yaani unapoweza kugusa mwenyewe WB (mizani ya nyeupe, inayoiambia kamera nyeupe ni ipi), ISO (wepesi wa kamera kuhisi nuru) na kasi ya kufunga. Kama simu yako haina, pakua programu ya kamera yenye hizo. Mwenye kamera kubwa aitumie, lakini usikope hela ukanunue kamera kwa ajili ya rangi. Tatizo lako karibu kila mara ni nuru, na nuru haiuzwi dukani.

Kitu cha kushikilia simu: tripodi ndogo, au matofali mawili na mpira wa kufungia.

Kitu cha kushikilia flai. Jiliwa unalofungia linatosha. Kama hutaki lionekane, chomeka ncha ya ndoana kwenye kipande cha kandambili kuukuu na ukifiche nje ya picha.

Kadi ya kijivu. Hiki ndicho kitu pekee ninachokusihi ukitafute. Ni kadi ndogo iliyotengenezwa isiegemee rangi yoyote: si ya ubuluu, si ya unjano. Huku kwetu utahangaika kuipata, watu huagiza Dar es Salaam. Ukisubiri mzigo ufike, kuna mbadala unaopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi: ule utepe mweupe mwembamba ambao fundi bomba huzungushia kwenye nyuzi za koki, wengi wanauita tredi tepu. Ukunje tabaka kumi na tano au ishirini kwenye kipande cha plastiki hadi usione kilicho nyuma yake. Umetengenezwa kwa plastiki iitwayo PTFE, na weupe wake hauna rangi nyingine ndani. Mimi nimeutumia miezi kadhaa kabla ya kupata kadi.

Onyo kuhusu weupe wa uongo. Karatasi ya A4 ya stationari inaonekana nyeupe pe kwa sababu imetiwa kemikali inayobadili miale ya UV ya jua kuwa mwanga wa buluu. Kanzu ya Ijumaa ndiyo mbaya zaidi: sabuni ya unga ina kemikali hizohizo, na mama akimaliza anaisuuza kwenye maji ya buluu. Ukiiambia simu "hii ndiyo nyeupe," itapunguza ubuluu kwenye picha nzima, na flai yako itageuka ya njano. Wengi wanaoniandikia "nimetumia karatasi nyeupe na bado" wameanguka hapa.

Vingine ni vidogo: karatasi au ubao wa kijivu usiong'aa kwa ajili ya nyuma, foili ya jikoni iliyokunjwakunjwa kisha ikanyooshwa juu ya boksi, kitambaa cheupe chembamba au karatasi ya kuokea, na brashi laini.

Hatua

1. Tafuta nuru moja, na iwe moja kweli.

Hapa nitakaa kidogo, maana ukipatia hii umemaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Macho yako ni mepesi kusamehe. Chini ya balbu ya njano utaona nyeupe ni nyeupe, chini ya kivuli utaona hivyo hivyo. Kamera haisamehi, inabahatisha. Rangi ya nuru hupimwa kwa kelvini, namba ikiwa ndogo nuru ni ya njano, ikiwa kubwa ni ya buluu. Mwanga wa jua la mchana una joto la rangi la takriban kelvini 5500, kivuli chini ya anga la buluu hupanda hadi 7000 au 8000 na kuzidi, balbu ya njano iko karibu na 2700. Simu inaweza kurekebisha lolote kati ya hayo. Haiwezi kurekebisha mawili kwa pamoja. Kwa hiyo ukikaa dirishani huku taa ya chumbani inawaka, upande mmoja wa flai utakuwa wa buluu na mwingine wa njano, na hakuna programu itakayokutoa. Zima taa. Zima zote, hata ile ya korido.

Mahali pazuri ni barazani, kwenye kivuli wazi, unapoona anga lakini jua halikugusi. Sasa upande gani wa nyumba? Vitabu vya wazungu vinasema dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua halifiki huko. Ukifuata hilo Mtwara mwezi wa sita utapigwa jua la usoni. Sisi tuko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Oktoba na karibu tarehe 20 Februari. Kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana liko kaskazini kwetu, kwa hiyo baraza la kusini ndilo lenye kivuli. Kati ya hapo, miezi ya Novemba hadi mwanzo wa Februari, geuza: tumia baraza la kaskazini. Piga kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Mapema au jioni zaidi ya hapo nuru inabadilika wakati bado unapanga vitu.

Siku ya mawingu mazito yaliyotanda sawasawa, acha kila kitu ukapige picha. Wingu ndilo kitambaa bora cha kulainisha nuru na halina gharama. Mawingu ya vipande vipande ni adui, kila baada ya dakika nuru imekuwa nyingine.

Makosa ya mahali ninayoyaona kila siku:

– Kukaa chini ya mkorosho au mwembe. Kivuli chake kitamu, lakini nuru inayokufikia imepita kwenye majani na kugonga majani, ni ya kijani. Nyeupe inakuwa na ukijani, pinki inakufa kabisa.

– Kukaa chini ya turubai. Wenye meza za sokoni wananielewa. Turubai la buluu linafanya kila kitu buluu, la chungwa vivyo hivyo.

– Kuvaa shati jekundu na kuinamia flai. Kanga iliyoanikwa karibu, ukuta uliopakwa rangi, hata udongo mwekundu wa uani jua likiupiga, vyote vinarusha rangi yake. Mimi navaa fulana ya kijivu siku ya kupiga picha, wanangu wanaiita sare ya kazi. Mwenye nyumba ya zamani ya mawe pale Mikindani, yenye ukuta wa chokaa, ana bahati. Chokaa mpya inarudisha nuru safi.

2. Weka nyuma ya kijivu.

Nyeusi inaishawishi simu iongeze mwanga hadi manyoya yanapauka. Nyeupe inaishawishi ipunguze. Kijivu haimshawishi mtu. Iweke sentimita 20 au 30 nyuma ya flai ili kivuli na nyuzi za karatasi zisionekane.

3. Andaa flai yenyewe.

Ipitishe brashi, ondoa vumbi na vinyoya vilivyokatika. Kamera ya karibu huonyesha hata chembe ya mchanga wa jana. Hakikisha ni kavu. Manyoya yaliyolowa hukolea rangi, nywele za mbuzi zilizopakwa njano zikilowa zinakaribia hudhurungi. Kama unataka mteja aone itakavyokuwa majini, piga picha ya pili ikiwa imelowa na uandike hivyo, usizichanganye.

Igeuze ubavu. Simu usiibandike karibu sana. Rudi nyuma hadi sentimita 20 hivi, tumia ukuzaji wa mara mbili. Ukiisogeza mno, simu yenyewe inaziba nuru na kutupa kivuli juu ya flai, halafu simu nyingine zikihisi ukaribu huhamia kwenye lenzi ndogo bila kukuuliza, na rangi za lenzi ile si za hii.

4. Weka kadi ya kijivu palipo flai.

Siyo kando, siyo mbele. Palipo flai, ikitazama upande uleule flai inakotazama. Kadi iliyolala mezani inapokea nuru ya juu, flai iliyosimama inapokea nuru ya ubavuni, na hizo ni nuru mbili. Nina picha nzuri kibao nilizoziharibu kwa kuilaza kadi.

5. Zima ujanja wote wa simu.

HDR (simu kuunganisha picha kadhaa ili kusawazisha mwanga na kiza), urembo, utambuzi wa mandhari, vichujio, flashi. Simu ikidhani inaona ua, inaongeza wekundu ikupendezeshe. Sisi hatutaki kupendezeshwa.

Kisha ingia Pro. ISO weka 100 au ya chini kabisa uliyonayo. WB itoe kwenye A, yaani kujiamulia yenyewe, iache kubahatisha. Kosa kubwa liko hapo: ukiacha WB ijiamulie, flai ya chungwa ikijaza kioo simu inadhani nuru ndiyo ya chungwa, inaongeza buluu kuipoza, na flai inatoka kama udongo. Ukiweka ya buluu, inafanya kinyume. Ndiyo maana flai sita zilizopigwa meza moja, saa moja, zinatoka kama zimepigwa nchi sita.

Sogeza kelvini huku ukitazama kadi, siyo flai. Kwenye kivuli cha baraza anzia 7000, siku ya mawingu 6300, ukiona kadi ina ubuluu panda, ina unjano shuka. Jicho likichoka, piga picha ya kadi uifungue kwenye programu yoyote yenye kichagua rangi, ile ya kugusa sehemu ikakusomea namba tatu za nyekundu, kijani na buluu. Namba tatu zikiwa karibu sawa, tofauti ya nne au tano tu, umefika. Buluu ikizidi, panda kelvini. Kijani ikizidi peke yake, kelvini haitakusaidia, hiyo utairekebisha hatua ya 9, au kwanza tazama juu kama hujakaa chini ya mti.

Mwenye kamera kubwa ana njia fupi: aipige kadi ijaze kioo, aingie kwenye menyu ya WB ya kujipangia, achague picha hiyo. Kwisha.

6. Punguza mwanga, hasa kwa nyekundu na pinki.

Hili halisemwi sana na ndilo linaloua flai nzuri. Kila rangi kwenye picha ina kikomo cha 255. Flai nyekundu iliyokolea inaweza kugonga kikomo cha nyekundu wakati picha kwa jumla inaonekana ya kawaida. Ikishagonga, manyoya yote yanakuwa bapa, kama yamepakwa rangi ya mafuta: huoni unyoya mmoja mmoja, huoni pale palipokolea na palipofifia. Pinki yenye nguvu ikigonga kikomo inahamia upande mwingine, mara chungwa, mara karibu na nyeupe.

Anzia hapa: kadi ya kijivu isomeke kati ya 110 na 130 kwenye namba zote tatu. Hapo ndipo kijivu cha asilimia 18, yaani kadi inayoakisi asilimia 18 ya nuru, kinapokaa. Kwa utepe wa fundi bomba, isomeke kati ya 200 na 230, ikifika 255 haikuambii tena chochote. Halafu piga, kuza picha, gusa sehemu inayowaka zaidi ya flai kwa kichagua rangi. Kuna namba iliyofika 255? Ongeza kasi ya kufunga hatua moja, upige tena. Picha ikionekana na kiza kidogo si neno, kiza kinatibika. Kilichopita 255 kimekwenda.

Kama simu yako inahifadhi faili ghafi, zile za DNG, washa. Zinakula nafasi lakini WB unaibadilisha baadaye bila kupoteza kitu.

7. Jaza vivuli, kisha piga.

Foili iweke upande ulio na giza, uisogeze taratibu uone tumbo la flai linafunguka. Kama nuru ni kali, tundika kitambaa cheupe kati yake na flai, ila kiwe tayari kimetundikwa kabla ya hatua ya 5, maana nacho kina rangi yake.

Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili usiitikise simu. Upepo wa kusi ukivuma, manyoya hayatulii hata kwa bunduki. Zungushia boksi pande tatu au ngoja. Piga picha ya kwanza yenye kadi, ya pili bila kadi, bila kugusa chochote katikati. Ukibadilisha mahali, au wingu likipita, piga kadi upya. Usione uvivu, ni sekunde tano.

8. Vinavyong'aa vizungushe.

Unyoya wa tausi na nyuzi za kung'aa hazina rangi moja. Rangi yake inatokana na namna miale inavyogongana ndani ya tabaka nyembamba, kwa hiyo ukigeuza kidogo kijani kinakuwa zambarau. Hakuna picha moja iliyo sahihi. Zungusha jiliwa taratibu, tafuta pembe mbili zilizo tofauti zaidi, piga zote mbili, mpe mteja zote mbili. Kichwa kilichopakwa gundi ya kung'aa kikionyesha doa jeupe la anga, kizibe kwa kusogeza kipande cha boksi jeusi juu yake hadi doa lipotee.

9. Rekebisha kidogo, ukiwa na flai mkononi.

Fungua picha yenye kadi, chukua kichagua rangi cha WB, gusa kadi. Nakili marekebisho hayo kwenye picha zote za nuru ileile. Kitelezi cha kijani na zambarau-pinki kiko jirani na cha joto la rangi. Ndicho kinachomalizia yale kelvini ilishindwa.

Kitelezi cha ukolezi usikiguse. Najua kinavuta mkono. Ukikigusa umerudi kuuza embe dodo.

Kabla ya kuamini unachokiona, zima mwanga wa usiku wa simu, ule unaofanya kioo kiwe cha njano jioni, na kwenye mipangilio ya kioo chagua rangi za asili badala ya zile kali. Kisha rudi barazani ulikopigia na ushike flai kando ya simu. Kulinganisha saa mbili usiku chini ya taa ni kupoteza muda, maana flai yenyewe hapo haina rangi yake.

10. Hifadhi na utume kwa njia isiyokula rangi.

Hifadhi JPEG ya sRGB, nafasi ya rangi ambayo karibu kila simu inaielewa. Nafasi pana zaidi za rangi ni nzuri kwako, ila kwenye simu ya mteja isiyozielewa picha itapauka. Kwenye WhatsApp itume kama hati, siyo kama picha. Ikibanwa, nyuzi nyembamba nyekundu ndizo za kwanza kuchafuka.

Rangi zinazowaka: hizi zina kesi yake

Kile kijani-njano kikali, pinki ya moto, chungwa ya moto. Hizi haziakisi nuru tu, zinameza UV na buluu na kuitoa tena kama rangi yake. Ndiyo sababu barazani zinawaka kama zina betri, na chini ya balbu ya LED, ambayo karibu haina UV, zinalala.

Zipige mchana, nje, kamwe usizipige kwa taa. Punguza mwanga kuliko kawaida, hatua moja nzima ikibidi. Hata hapo, kioo cha simu hakina uwezo wa kuionyesha rangi ile ilivyo. Nilikesha na hili siku nyingi kabla ya kukubali. Dawa niliyoipata ni ya maneno na mfano: kwenye maelezo naandika "kijani cha kizibao cha bodaboda," na mara nyingine naweka ncha ya kizibao chenyewe pembeni ya picha. Mteja yeyote amewahi kukiona barabarani, anaijua rangi ile inavyowaka, akili yake inamalizia.

Ikigoma

*Nyeupe ina ubuluu.* Uko kivulini na WB iko kwenye alama ya jua. Panda kelvini. Kama kadi inasoma sawa na manyoya meupe tu ndiyo yenye ubuluu, huenda manyoya yenyewe yametiwa king'arisha kiwandani. Hapo picha inasema kweli, iache.

*Kadi iko sawa, nyekundu imefubaa kama damu kavu.* Umetumia balbu ya LED ya bei ya chini. Nyingi hazina nyekundu ya kutosha ndani ya mwanga wake, na rangi ambayo haimo kwenye nuru huwezi kuirudisha kwa kidole. Toka nje. Ukilazimika kupiga usiku, tafuta taa iliyoandikwa CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa uhalisia, juu kabisa 100) 95 au zaidi kwenye boksi, na iwe ndiyo pekee inayowaka.

*Mistari ya giza inapita kwenye picha.* Ni taa, umeme wetu ni wa hezi 50. Weka kasi 1/50 au 1/100.

*Picha mbili za flai moja, rangi mbili.* WB imerudi kwenye A yenyewe. Simu nyingi hufanya hivyo ukifunga kamera na kuifungua. Tazama kila unaporudi.

*Upande wa chini una wekundu.* Angalia sakafu, meza, shati. Weka karatasi ya kijivu chini pia.

*Kwangu sawa, kwa mteja siyo.* Kioo chake huna mamlaka nacho. Mwambie azime mwanga wa usiku, mtumie pia ile picha yenye kadi na umuulize, "Hiyo kadi unaiona ya kijivu au ina rangi?" Akisema ina unjano, mmeshajua tatizo liko wapi. Kwa oda kubwa mimi natuma vinyoya viwili vitatu kwenye bahasha kwanza.

*Zambarau inatoka buluu.* Karibu kila kamera inaionea zambarau, kwa sababu vitambuzi vyake havigawanyi miale kama jicho. WB haihusiki, usiiharibu kwa ajili ya hili. Nenda kwenye kihariri chenye vitelezi vya rangi moja moja, chukua buluu na zambarau tu, uzisogeze kuelekea pinki hadi zifanane na iliyo mkononi. Kiasi kile kikikaa sawa kiandike daftarini. Kwa simu ileile na nuru ileile kitafaa tena.

Ukijaribu yote na bado, niandikie. Lakini nitumie picha mbili, yenye kadi na isiyo na kadi, na uniambie ulikaa wapi na saa ngapi. Picha ya flai peke yake ikinifikia, nitakujibu swali kwa swali.